Kulikiza

Chupa zilikuwa nne. Moja ilipasuka mwezi wa pili,
na Bergur akasema, tukiokota vipande:
"Zikiisha zote, hatununui nyingine."
Nikaitikia. Kesho yake nikanunua mbili.

Daktari wa meno, binti mpole wa Húsavík,
alikufunua mdomo, Ylfa, akamulika,
akanionyesha doa kwenye jino la mbele,
dogo kama punje ya ulezi.
Hakunilaumu. Aliuliza tu umri wako.
Nikasema miwili, nikaumeza ule unusu.

Mwezi wa tano huku usiku hauna giza
la kumwonyesha mtoto na kumwambia: tazama, lala.
Nimeshona pazia zito, nimeziba nyufa kwa taulo,
bado mwanga unaingia bila hodi,
nawe umesimama kitandani, umeshika fito,
unadai: "Mayiwa!"

Nilijaribu maji. Nikapunguza maziwa kijiko kwa kijiko
nikidhani nakudanganya. Ulionja, ukanitazama
jinsi karani wa benki atazamavyo noti bandia,
chupa ikaishia chini ya kochi.
Nikajaribu kikombe chenye picha ya bata.
Ulimnywesha dubu wako.
Nikajaribu uongo: chupa zimesafiri.
Ukaenda mlangoni, ukavaa kiatu kimoja,
ukaketi kuzingoja.

Mama mkwe, Gunnvör, alisema kwenye simu:
"Wangu watano niliwaachisha kwa siku moja."
Sikumjibu. Kila mama husahau usiku wake.

Ndipo kondoo wa mia moja na nne akazaa watatu,
na chuchu zake mbili, moja kavu.
Bergur aliingia jikoni na yule wa tatu ndani ya koti,
mweusi, soksi nyeupe mguu mmoja,
anatetemeka kama simu mfukoni.
"Chupa," akasema. "Yoyote. Upesi."
Za kondoo zilikuwa zizini, ng'ambo ya mto.
Yako ilikuwa hapo, kwenye kichanja cha vyombo, inachuruzika.

Mimi ndiye niliyesita.
Wewe ulipanda kiti, ukaichukua,
ukanyonya hewa mara mbili, kama anayefunga hesabu,
ukaninyooshea nikaijaza.
Alivuta kwa nguvu, mkia ukipepesuka,
ukacheka mpaka ukaanguka kitako.
Bergur alituonya tusimpe jina,
mwezi wa tisa hauko mbali.
Tayari ulishampa: Chupa.

Si kwamba mambo yaliisha hapo.
Saa nane za usiku ulikumbuka,
ukalia kama mtu aliyekopesha kisha akajuta.
Nikakubeba kiunoni hadi jikoni.
Chupa amelala ndani ya boksi la ndizi,
na chupa kando yake, chuchu imetafunwa, imetoboka.
Uliigusa kwa kidole.
"Yake," ukasema,
kwa sauti ya hakimu asiyeipenda hukumu yake.
Halafu ukalia tena, nusu saa nzima,
nami sakafuni, mgongo kwenye jokofu,
nikikuimbia vibaya.

Usiku wa pili, robo saa.
Wa tatu sikumbuki, nililala.

Zilizobaki nimezichemsha, nimezikausha,
nimezificha rafu ya juu nyuma ya unga.
Bergur aliniona. Alikohoa tu, akavaa buti zake.

Mtoto analikizwa; hilo nimeliona kwa macho.
Mama je, nani humlikiza?
Jana saa ile ile nilizinduka,
mkono umeshanyooka gizani, giza lenyewe halipo,
unatafuta kitu cha uvuguvugu.
Ulikuwa umelala chali, mdomo wazi,
hunihitaji hata kidogo.

Nikashuka jikoni. Nikapasha maziwa,
nikadondosha tone kwenye kifundo cha mkono, kwa mazoea.
Yalikuwa sawasawa.
Mwanakondoo naye hakuamka.
Nikayanywa mwenyewe, nimesimama dirishani,
katika kikombe chenye bata.