Namba Kumi na Nne

Mwaringa, umepokea mshahara wa kwanza
na macho yako yamekwenda moja kwa moja
kwenye lile sanduku la plastiki,
vipande arobaini na sita, kila kimoja kitandani mwake
kama watoto wa bweni.
Muuzaji amepita hapa Maweni mara tatu tangu asubuhi.
Kizuri chajiuza, walisema waliotutangulia.
Sasa jiulize kwa nini sanduku hili linatembea juani.

Mimi nililinunua. Si hilo, babu yake.
Nilikuwa na umri wako, nikidhani kung'aa ni nguvu.
Wiki ya pili, chini ya pikapu ya Bi Dhahabu muuza nazi,
namba kumi na nne ikafungua mdomo.
Sisemi ilivunjika. Ilifungua mdomo
kama mtu aliyekumbushwa deni.
Nati ikapoteza kona zake sita, ikawa duara kama shilingi,
na ngumi yangu ikamalizia safari kwenye chesisi.
Hili kovu unaloniuliza kila siku ndilo hilo.
Si vita, si mapenzi.
Ni shilingi mia nane nilizookoa.
Nikalipa bolti, nikalipa mchomeleaji,
nikalipa gari lililobeba nazi badala yake.
Bi Dhahabu hakunitukana. Alisema, "Pole, fundi,"
na hilo "fundi" likaniuma kuliko kidole.

Kwa hiyo ishike kwanza.
Chuma cha kweli kina uzito wa kutulia,
si uzito wa kuvimba.
Toa nati mfukoni, namba unayoijua, uivishe.
Ikicheza dukani, itacheza nawe chini ya gari.
Igonge kidogo kwenye saruji:
nzuri hulia, mbaya hukohoa.
Pitisha kidole gumba mpinini;
pale kromu inapofura, kutu imeshapanga chumba.
Na huku kwetu Malindi chumvi haipigi hodi,
usiku inalamba kila kitu, hata bawaba za mlango.
Usinunue vingi.
Kumi, kumi na mbili, kumi na nne:
nusu ya tuktuk inafunguka kwa hizo tatu
na matusi machache.
Ukipata tena, ongeza.
Sanduku la fundi hujaa kama kisima,
kutoka chini, watu wakiwa wamelala.

Hayo yote niliyasema nimelala chali chini ya injini.
Huenda niliongea na viatu vyake tu.

Akaondoka saa nane. Saa kumi akarudi, hana sanduku.
Ana kitu kimoja ndani ya gazeti,
amekitoa kwa Kitsao wa vyuma chakavu,
kwenye ndoo ya misumari na mafuta ya taa.
"Nimeipima, fundi, imetulia.
Nimeigonga, ikalia. Nati haikucheza."

Nikaipokea. Kumi na nne. Nyeusi, haina kromu hata chembe.
Kidole gumba kikanitangulia mpinini,
kikakuta mikato mitatu ya tupa.

Mikato yangu.
Niliikata mwenyewe, usiku wa kuamkia Idi,
mwaka nilipomaliza deni la nazi
na kununua spana yangu ya kwanza ya maana.
Ikaazimwa. "Dakika tano tu, ndugu yangu."
Mwaka huu ni wa kumi na moja.

Mwaringa ananitazama, anangoja hukumu.
"Umelipa ngapi?"
"Mia tatu na hamsini."
Na Kitsao nitazungumza kesho, kwa sauti.
Leo nikaifuta kwa tambara, nikamrudishia.
"Umechagua vizuri."
Nikamtolea tupa.
"Kata alama yako hapo, chini ya hiyo mitatu.
Kata iingie.
Na mtu yeyote asikudanganye
kuhusu urefu wa dakika tano."