Fungu la Mbu

Masaka, mwaka ule sukari ilipokaa dukani
hadi ikashikana kama jiwe,
nilikuwa karani wa hesabu, ofisi ya wilaya,
na mke wangu alinipikia chai ya chumvi
kwa kuwa mtaa mzima ulikuwa umeapa.

Hakuna aliyevuka kizingiti cha Popatlal.
Baiskeli mpya zilining'inia darini kwake,
magurudumu yakizungushwa na upepo tu.
Mafuta ya taa tuliazimana kwa kijiko.
Aliyeonekana na gomesi mpya Jumapili
aliamka Jumatatu akakuta migomba yake
imelala chini, yote, utomvu ukitoka.

Ndipo Bwana Hartnell akaniita, akafunga dirisha.
Kiswahili alikisomea Tanga, akapenda methali zake.
"Mkono mtupu haulambwi, Kiyimba. Andika:
Kunyunyizia mbu, kinamasi cha Nabajjuzi,
shilingi elfu mbili."
Nikaandika.

Mbu wa kwanza alikuja usiku kwa mlango wa jikoni,
akapangusa viatu, akaomba kiti.
Ssebuwufu. Chama chake kilikuwa na watu saba na mhuri.
Wiki ya pili kilikuwa na kipaza sauti,
na gari, na vijana wenye kofia za rangi moja
wakituambia sokoni kuwa uhuru hauli chumvi,
nendeni dukani, mnunue, msiogope.

Mbu wa pili alimchukia wa kwanza.
Mutyaba, mwalimu aliyefukuzwa, ulimi kama wembe.
Siku ya gulio walitukanana hadi mate yakakauka:
kibaraka, akasema huyu; kibaraka, akasema yule;
umati ukagawanyika, mawe yakaruka,
kijana wa Kiwangala akapoteza jicho.
Nami nilisimama kando nimebana daftari kwapani.
Ukurasa mmoja. Wino mmoja. Elfu tatu, elfu tatu.

Ulipofika mwezi wa nne hakuna aliyekumbuka
tuliapa nini, na mbele ya nani.
Popatlal aliivunja sukari kwa nyundo, akapima.
Kahawa ikashuka tena kwa malori.
Hartnell akanipa mkono, akanipa na saa.

Mke wangu alirudi na kilo moja ndani ya kikapu,
ameifunika kwa majani ya migomba, kama mwizi.
"Waliokula kiapo wameshanunua," akasema,
"mimi nimngoje nani?"
Akakoroga. Nilikunywa. Ilikuwa tamu, siwezi kusema uongo.

Mvua za mwaka huo zilijaza Nabajjuzi hadi barabarani.
Hakuna aliyenyunyizia kitu.
Nakiganda wetu alitetemeka siku sita
chini ya mablanketi mawili, akiomba maji, akiyatapika,
na usiku wa saba nikaisikia ile saa
ikienda peke yake chumbani.

Daftari lipo. Mkaguzi alilipitia, akatia tiki kijani
kando ya kila mbu.