Kiti Kiko kwa Kinyozi

Makumbusho yetu ni banda moja la bati
pembeni mwa uwanja wa ndege, Moshi,
kiingilio elfu mbili, watoto bure.
Mlinzi ni mimi. Mhasibu, mimi. Mfagizi, mimi.

Hayakuanza na ndege.
Yalianza na kengele.

Baba, fundi Aminieli Kiwelu,
aliyefungua na kufunga injini miaka thelathini
hadi vidole vikanuka mafuta hata kanisani,
alipita Kahe saa ya watoto kutoka darasani
akasikia chuma kikilia kwa sauti anayoijua.
Akasimama. Akavua kofia.
Juu ya mwarobaini, limetundikwa kwa waya,
panga la ndege ya kunyunyizia kwelea
iliyoanguka kwenye mahindi mwaka sabini na nne.
Rubani alitoka mzima, akaomba maji, akanywa,
akaenda zake kwa miguu.
Wenye ndege hawakuja. Wenye mahindi walikuja.
Kilichoanguka shambani kwako,
nani atasema si mavuno?

Miaka sita baba alizunguka akivuna upya.
Bawa la kushoto alilikuta Kibosho,
kichanja cha kuanikia kahawa; alilikomboa kwa mabati manne.
Tairi ya mkia ilikuwa ikisukuma ndizi sokoni.
Tangi la dawa lilikuwa la maji ya kunywa,
na bibi mwenye nyumba, alipoelezwa, akacheka:
"Mbona tumezeeka?"

Shule ilikataa fedha. Ilitaka kengele
yenye sauti ileile, watoto wasije wakachelewa.
Baba akapeleka rimu ya lori, akapeleka rimu ya trekta,
mwalimu mkuu akisikiliza amefumba macho:
"Bado. Hiyo inaita ng'ombe."
Kipande cha reli ndicho kilichopita.

Kiti kikatushinda.
Kiko Mbuyuni, kwa Tarimo kinyozi,
aliyesema bila kuinua wembe,
"Kwangu watu wanakikalia. Kwako watakitazama tu."
Baba alitafuta jibu, akakosa.
Akanyolewa, akalipa, akarudi.

Kwa hiyo ukichungulia ndani ya ndege yetu
utaona usukani, saa mbili zilizokufa,
na palipo wazi, kadi yenye mwandiko wake:
KITI: KIKO KWA KINYOZI, MBUYUNI.
JUMATATU HADI JUMAMOSI.
USISEME UMETOKA KWANGU.

Aprili, siku ya tatu baada ya kumzika,
nilikwenda kunyolewa.
Ngozi ya kiti imeshonwashonwa kwa uzi wa viatu;
mkanda bado upo, umeliwa na kutu kwenye bizimu.
Tarimo hakunipa pole. Alipangusa kioo,
akaushika mkanda ncha zote mbili.
"Nifunge?"

Nikasema, funga.
Mashine ikaanza kunguruma
nyuma ya sikio langu la kushoto.