Kalamu ya Risasi

Tampere, Januari, saa tatu asubuhi,
jua bado halijaamua.
Darasa lanuka soksi mbichi na kahawa.
Mwalimu Raunio, doria za usiku miaka ishirini,
goti moja la chuma, haandiki kitu ubaoni.
"Kosa lina miguu miwili," anasema, "tendo na nia.
Ukikatika mmoja, kesi inachechemea.
Nanyi mna miwili. Msijisahau."

Kisha zoezi. Ghalani wamejenga nyumba ya mbao,
dirisha la karatasi, jokofu lisilo na umeme.
Leo mimi ndiye mtu wa zoezi:
jirani amepiga simu, amesikia kelele,
amesikia sahani.
Nimepewa fulana nyeupe, kisu cha mkate,
na mkate wenyewe, mweusi, mgumu kama kisigino.
Maagizo yangu ni mstari mmoja:
*Kata mkate. Ukiitwa, geuka.*

Nikakata. Nikaitwa. Nikageuka.

Ilmo Tervonen alikuwa mlangoni, hatua tisa.
"Weka chi—"
na *chini* haijatua,
rangi ya buluu imenipasukia kifuani.
Baridi. Yauma kuliko tulivyoambiwa.
Kisu mkononi mwangu bado kina siagi.

Raunio hakufoka.
Alimpokonya bastola ya rangi,
akampa karatasi na kalamu ya risasi,
risasi pekee aliyobakiwa nayo.
"Andika."

Ilmo akaandika: *Alinishambulia.*
"Lini?"
Akafuta. *Alikuwa ananishambulia.*
"Kwa hatua ngapi? Kwa mkono upi?"
Akafuta mpaka karatasi ikaota manyoya.
*Angenishambulia.*

"Nge," akasema mwalimu, kidole juu ya neno.
"Umemwona? Amejificha katikati ya kitenzi,
mkia juu. Huyu ndiye aliyekuuma,
si mtu wa mkate."

Ghala lote kimya. Kipasha joto kikakohoa.

"Aliyekwisha kukupiga, akageuka, anakwenda zake,
ukimfuata ni kisasi, usikiite kujihami.
Atakayekupiga kesho, kesho ina mahakama.
Sheria imekupa chumba kimoja tu,
chembamba, hakina hata kiti: *ana.*
Anainua. Anakuja. Anakaba.
Tena sikiliza vizuri mlango ukigongwa,
maana *ana kisu* si *anakuja na kisu*,
na kati ya ana na ana
mtu mzima huzikwa.
Hata ukiwa ndani, usiingie na shoka
kumwua inzi shavuni mwa mwenzio.
Nyuma yako kulikuwa na nini?"

"Mlango."

"Ulikuwa wazi?"

"Nilikuwa nimetoka kuufungua."

"Sauti uliitumia mara ngapi?"

Ilmo akahesabu.
Tulimwona akihesabu.
"Nusu."

Halafu, kwa sauti ya mtoto aliyevunja kitu cha wageni:
"Niliogopa."

"Liandike hilo. Hofu si kosa. Hofu ni shahidi,
lakini ni shahidi mmoja,
tena jamaa yako.
Tafuta wengine: mkono wake, miguu yake, macho,
umbali, alichokisema.
Wakikataa kuja, rudi ulikotoka."

Aliandika muda mrefu. Nilisimama pale,
rangi ikinikaukia, marehemu mwenye njaa.
Mwisho alisoma kwa sauti, maneno matatu:

*Alikuwa anakata mkate.*

"Saini," akasema Raunio.

Mchana alikuja na trei, akakaa mbele yangu,
supu ya samaki, hakuigusa.
Mkate wa zoezi nilikuwa nao, nani atautupa?
Nikakata upande usio na buluu,
nikapaka siagi, nikamsogezea kipande.

Alikitazama kisu.
Kisha mkono.
Kisha, akachelewa hapo, uso.
Akala.

Kesho mkate atakata yeye.
Mlangoni nitakuwa mimi.