Robo Saa

Wodi ya watoto, Merthyr, mwezi wa pili

Kitanda kilipimwa kwa mwili wa miaka tisa.
Heledd ana kumi na mitano; nyayo zake zimetokeza
kati ya vyuma vya mwisho, soksi moja ya kijani, ya pili imepotea,
na ukutani nyangumi wa rangi anacheka
kicheko kile kile alichowacheka wenye surua na wenye tonsili.

Zamu yangu ni kiti.
Kiti, kalamu, na karatasi yenye visanduku:
kila robo saa niandike nilichokiona.
L, amelala. M, yu macho. G, ana mgeni.
Saa nane na robo, M.
Saa nane na nusu, M.
Saa tisa kasorobo naandika M tena,
na herufi inaanza kufanana na milima ya nje ya dirisha,
ile iliyochimbwa makaa hadi ikabaki ganda.

Siku ya kumi na moja hii.
Kuna kitanda, wanasema, katika mji mwingine,
mwendo wa saa nne kwa gari;
halafu hakipo; halafu kipo, lakini cha mvulana.
Daktari Probert hupiga simu akiwa amesimama,
kama mtu anayejua hatakaribishwa kuketi.

Mimi nilisomea mapafu.
Najua kumwekea mtoto wa miezi mitatu mrija wa puani asishtuke,
naijua homa kwa mgongo wa mkono kabla ya kipimajoto.
Maumivu haya hayana joto,
hayapandi wala hayashuki kwenye chati,
na dawa ya neno sikuwekewa kwenye toroli.
Usiku wa kwanza nilimwambia, "Itakuwa sawa."
Akanitazama kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.
Tangu hapo naihesabu kauli kabla sijaitoa.

Mama yake huja akitoka kiwanda cha mikate,
unga kwenye nyusi, koti hajalivua.
Huuliza amekula nini,
na akijibiwa "tosti" hushukuru
kana kwamba kaletewa habari ya kuzaliwa mtoto.
Jana korido ilimshinda. Alisimama mbele ya tangi la samaki
akaniambia, bila kunigeukia:
"Mlango wa chumba chake nilikuwa nabisha. Kila mara nilibisha.
Nilidhani ndiyo heshima."
Sikumjibu. Tuliwatazama samaki wakila.

Saa tisa na robo. Chumba cha pili Macsen analia,
miezi mitano, kifua kinakoroma kama birika,
mama yake kashuka kutafuta chai,
mwenzangu kashikwa na dripu inayopiga kengele.
"Mbona hakuna anayembeba?"
Neno la kwanza la Heledd tangu chakula cha jioni.

Sheria ni nyepesi: asitoke machoni pangu.
Haikusema macho yenyewe yakae wapi.
Basi tukaenda, yeye na soksi yake moja,
mimi na karatasi kwapani.
Nikamwinua Macsen. Heledd akabaki mlangoni,
viganja vimezama ndani ya mikono ya sweta,
akaanza kumsimulia, kwa sauti iliyokwaruza,
jinsi nyangumi wa chumbani kwake alivyochorwa vibaya:
jicho liko juu mno, mkia ni wa samaki,
"aliyemchora hajaona nyangumi hata kwenye picha."
Mtoto akanyamaza kusikiliza umbea.

Sisemi amepona. Saa kumi alilia
mpaka mto ukabadilishwa foronya mara mbili,
nami nilikaa, mkono wazi juu ya shuka,
hadi aliponipa vidole viwili tu.

Saa tisa na nusu, kwenye karatasi, haina kisanduku chake.
Nimeandika pembeni, kwa herufi ndogo,
mkaguzi akija na aniulize:
*Amemsengenya nyangumi.*