Rangi ya Chini

Lilivutwa kwa kamba ya katani kutoka Njoro,
Pijo la mwaka wa sitini na saba,
taa zote mbili zimepofuka,
kiti cha nyuma kimegeuzwa kiota cha kuku.
Langoni Mama Jerusha Kirigo akashuka,
akalitembeza hatua za mwisho, kiganja juu ya boneti,
kama ampelekaye mgonjwa zahanati.

Mkobani akatoa picha:
“Nataka rangi hii.”
Picha ya zamani, nyeusi na nyeupe.
Gari la kijivu. Mume wa kijivu.
Yeye mwenyewe wa kijivu, mwembamba, anacheka,
na ua la karatasi kifuani, nalo kijivu.
Sikusema kitu.
Fundi hambishii mteja siku ya Jumatatu.

Nyumba njema si mlango, walisema wahenga,
nami natia mkate mezani kwa milango.
Nikachukua msasa, ndoo ya maji, kipande cha sabuni.
Rangi ukiisugua hukuambia:
ya juu nyekundu, ya mwanawe,
aliyetaka kushindana na malori kule Salgaa;
chini yake nyeupe, miaka ya kukodishwa kiwanda cha pareto,
nembo imefutwa ila herufi P
bado inachungulia kama mtoto nyuma ya pazia;
chini yake buluu.
Nilidhani nimefika.
Chini ya buluu, kwenye kona ya mlango
ambapo kidole kilikuwa kimeshaota lengelenge,
kijani.
Kijani cha mahindi yenye wiki tatu.

Kutu nayo ilikuwa imekula sakafu kimyakimya,
kutu haipigi hodi.
Kiptanui akachomelea, akaziba kwa puti,
akalaani, akaziba tena.

Siku ya tatu Shikuku, mshona viti, akaniita.
Alikuwa amefumua kiti cha abiria, kile cha mbele.
Humo ndani, katikati ya singa na spring’i zilizolala,
sumni moja,
maua ya pareto yaliyogeuka unga,
na kibanio cha nywele.

Ijumaa Mama Jerusha akaja.
Nikamwonyesha kwanza kibanio. Akakigeuzageuza juani.
“Si changu,” akasema,
akakiweka juu ya bampa, polepole, pasipo kelele.
Nikamwonyesha mlango, pale nilipofungua duara,
rangi nne zimezungukana kama maganda ya kitunguu.
Nikasema, Mama, ya kweli ni hii ya ndani.
Kiwandani lilitoka kijani.
Akalowesha kidole kwa mate,
akagusa kijani, akagusa buluu.
“Hiyo ilikuwapo kabla yangu.
Buluu aliipaka wiki ya harusi.
Nipakie yangu.”

Mji huu jina lake lenyewe ni vumbi.
Kufika saa tano upepo hutoka ziwani
umebeba magadi meupe, na rangi mbichi hupenda kila kinachopita.
Basi nilipulizia alfajiri,
sakafu imemwagiwa maji, leso mdomoni,
kompresa ikikohoa kama babu wa mtu.
Mikono mitatu ya buluu.
Mbu mmoja akatua kwenye madigadi akaacha mguu.
Nikamsugua, nikarudia.

Nyuma ya kisanduku cha dashibodi,
mahali mkono hauingii ila fyuzi ikiungua,
nililiacha kijani, upana wa kiganja.
Sikumwambia mtu.
Shikuku akaniuliza, na kibanio?
Nikamwambia kirudi kilikokuwa.
Akakishonea humo, chini ya ngozi mpya, akakata uzi kwa meno.

Alipokuja kulichukua, Mama Jerusha alizunguka mara mbili.
Akakaa. Kiti kile kile, cha abiria.
Akafunga mlango, akaufungua, akaufunga.
Akavuta pumzi, akakunja uso:
“Linanuka duka.
Harufu yake mmeipeleka wapi?”

Tulitazamana, mimi na Shikuku.
Hiyo hatukuwa tumeiandika kwenye bei.