Sita na Nusu

Saa kumi alfajiri, karakana ya tramu, Łódź.
Theluji imelala juu ya mabehewa kama shuka la hospitali,
na sisi, kabla ya kengele ya zamu ya kwanza,
tunahukumu filamu.

Lucjan ndiye huanza, hangoji hata chai ipoe.
"Ile ya daktari wa meno muuaji: nane!
Niliruka mpaka bisi zikamwagika
kofiani mwa bwana wa mbele."
Nane ya Lucjan si kitu, mkono wake mwepesi.
Hata ile ya kasuku mpelelezi aliipa nane,
na usingizi ulimchukua
kasuku hajasema neno.

Jagoda, fundi wa breki, hana haja na hadithi.
"Tramu imepiga kona bila waya juu!
Mbili.
Moja ya farasi, moja ya nauli yangu."

Mimi ni wa katikati.
Nasema si mbaya, nasema mwisho umevutwa kama chingamu,
nasema tano,
kisha nikiona nyuso nasema sita.
Mke wangu adai ndivyo nilivyomposa.

Tukishamaliza kelele, tunamgeukia Bronka.
Miaka thelathini na mmoja ameshika usukani wa chuma,
sasa ameshika kisu kidogo, anakata tango la siki.
"Nne."
Nne ya vita, nne ya mapenzi,
nne ya wale watawa waliolia saa mbili na robo.
Siku Lucjan alipomuuliza, je, saba?
akamjibu: "Saba ni deni, kijana.
Ukimpa mtu saba, kesho atakuletea sehemu ya pili."

Basi juzi karakana ilipata tiketi za bure,
ukumbi ule nyuma ya soko, viti vinalia kama bata.
Filamu kuukuu, ya enzi za baba zetu,
na tuseme kweli, takataka:
kijana tajiri, binti wa kiwandani, mvua ya bomba,
busu lianzalo kwa fidla na kuishia kwa fidla.
Lucjan mwenyewe alishuka hadi tano.
"Moja," akasema Jagoda. "Na farasi hakuwepo."

Kisu cha Bronka kikasimama katikati ya tango.
"Tisa."

Birika lilinyamaza,
au labda ni mimi niliyeacha kulisikia.

"Dakika ya arobaini," akasema.
"Wanabusiana, sawa, waacheni wabusiane.
Tazameni nyuma yao.
Lango la kiwanda cha pamba, wanawake wanatoka zamuni,
wamepigwa picha bila kuulizwa.
Wa tatu kutoka kushoto, mwenye kikapu,
anachechemea kidogo.
Huyo ni mama.
Ninazo picha zake amekaa, amesimama, amelala jenezani.
Akitembea, sikuwa nayo."

Lucjan akaanza kuchunguza kamba za viatu vyake.
Mimi lango sikuliona.
Nilikuwa natazama busu kama mjinga yeyote aliyelipa,
nami hata sikulipa.

Ni Jagoda aliyethubutu:
"Mbona si kumi?"

Bronka akamalizia tango, akafuta kisu kwa gazeti.
"Walikata kabla hajavuka barabara."

Kengele ikalia. Kila mtu na behewa lake,
cheche za bluu wayani, abiria wa kwanza na miayo yao.

Jumatano tulirudi, watatu, tukalipa.
Busu lilipofika hatukuwa na habari nalo.
Lucjan alihesabu kwa kidole gizani,
mmoja, wa pili,
na Jagoda, ambaye huangalia magurudumu tu,
aliangalia mguu ule unaovuta kidogo,
kikapu kikipiga nyonga,
hatua nne, ya tano haikumalizika.

Filamu bado ni mbovu.
Fidla bado zinanikera, mvua bado ni ya bomba.
Asubuhi yake waliponiuliza nilisema sita na nusu,
na safari hii
sikutazama nyuso.